Harusi Haifuti Kubakwa: Neno Langu Kuhusu Filamu za Kihindi



Leo naomba tuzungumze filamu za Kihindi. Nguo ndiyo kazi yangu, na maharusi wengi wanaokuja kushona huja na picha kwenye simu: nataka lehenga kama ya fulani, kwenye filamu fulani, pale anapoolewa. Nashona, tena kwa raha. Kinachonikera ni kile ambacho nguo hiyo huwekwa kukifunika. Katika filamu nyingi za huko mwanamke anafuatwafuatwa njiani, anavutwa mkono, anapigwa, hata anabakwa. Kisha inaletwa harusi, ngoma zinapigwa, na sisi tunafuta machozi tukisema alhamdulillah, mambo yamekwisha. Yamekwisha wapi?

Chukueni Raja Ki Aayegi Baaraat, filamu ya kwanza ya Kihindi aliyocheza Rani Mukerji. Ni msichana anayesomesha. Kijana wa kitajiri anambaka kwa kulipiza kisasi. Kesi inakwenda mahakamani, na hukumu ni kwamba mbakaji amuoe. Ndiyo, amuoe! Bibi harusi anaingia nyumba ya watu wasiomtaka, wanajaribu hata kumuua, na yeye anavumilia mpaka mume anabadilika na kumpenda. Mwisho tunatakiwa tufurahi.

Najua kwa nini filamu ile haikuwashtua wengi hapa kwetu. Maneno ya "muozesheni, asitirike, yaishe" tunayajua. Yanasemwa barazani, na wanaoyasema wanadhani wanamfanyia mtoto wa watu hisani. Mimi ni fundi, sitara naijua. Sitara ni kumfunika mtu asidhurike. Kumtia mwanamke chumba kimoja na aliyemdhuru kunamsitiri mwanamme peke yake.

Wanawake wanaharakati wa India wamelipigia kelele jambo hili miaka mingi, na hawakuanzia kwenye sinema. Walianza na kesi. Mwaka 1972 msichana masikini wa jamii za Adivasi, anayejulikana kwa jina la Mathura, alibakwa kituo cha polisi huko Maharashtra. Baadaye Mahakama ya Juu iliwaachia polisi wawili, kwa hoja kwamba mwili wake haukuwa na alama za kupigana. Wanawake waliingia barabarani, na mwaka 1983 sheria ikabadilishwa. Katikati ya moto ule, mwaka 1980, ikatoka Insaf Ka Tarazu ya B. R. Chopra. Zeenat Aman anacheza mwanamitindo aliyebakwa na tajiri. Anashindwa mahakamani kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu alikuwa akimfahamu yule bwana. Bwana yule akishaachiwa anambaka na mdogo wake. Hadithi iko upande wa mwanamke, hilo sina ubishi.

Lakini tazameni kamera inavyotazama. Mwaka 1975 mwandishi wa Uingereza, Laura Mulvey, aliandika kwamba kamera ya sinema hutazama kwa jicho la mwanamme, na mwanamke hubaki kuwa kitu cha kutazamwa. Sikuhitaji kusoma hayo kwa Kizungu ili niyaelewe. Fundi anajua nguo inapoondolewa mwilini kwa nini inaondolewa. Katika filamu za miaka ile sari inavutwa polepole, bega linaonyeshwa, paja linaonyeshwa, kisha uso wa mwanamke unaolia unapewa nusu sekunde. Kinaitwa kisa cha dhuluma, na hapo hapo kimekatwa na kushonwa kiwastareheshe waliokata tikiti. Wakosoaji wa kike waliisema Insaf Ka Tarazu kwa hilo hilo, na mimi nipo pamoja nao. Huwezi kulaani wizi huku unauza mali ya wizi.

Inawezekana kufanya vingine. Mirch Masala ya Ketan Mehta, ya mwaka 1987, haina haja ya kumvua mtu. Smita Patil ni Sonbai, mke wa mtu katika kijiji cha Gujarat enzi za Mwingereza. Msubedari anayekusanya kodi anamtaka, Sonbai anampiga kofi na kukimbilia kiwanda cha pilipili wanakofanya kazi wanawake. Mlinzi ni mzee wa Kiislamu, Abu Miyan, anafunga mlango. Sasa sikilizeni uchungu wa hadithi: karibu kijiji kizima kinamwambia Sonbai atoke akajitoe kwa msubedari ili wengine wasalimike. Hata baadhi ya wanawake waliomo humo ndani. Abu Miyan anakataa kufungua. Anauliwa mlangoni. Na wale wanawake wanamwagia msubedari pilipili ya unga usoni. Hakuna harusi mwisho wa filamu hiyo.

Mtaniambia hayo ni ya zamani. Haya, njooni mwaka 2019. Kabir Singh, ya Sandeep Reddy Vanga, ilikuwa miongoni mwa filamu zilizoingiza pesa nyingi zaidi India mwaka ule. Daktari kijana anamuona msichana chuoni, anawatangazia wenzake kwamba huyu ni wake, anambusu bila hata kumuuliza. Baadaye anampiga kofi. Kabla ya hapo tumeshamuona akimshikia kisu mwanamke mwengine amlazimishe kuvua nguo, na tunatarajiwa tucheke. Wanawake walipolalamika, mtengenezaji akajibu katika mahojiano kwamba kama wapenzi hawana uhuru wa kupigana makofi, yeye haoni hisia hapo. Na filamu inaisha vipi? Harusi.

Wari, mtu anayekutangaza kuwa ni wake kabla hujafungua mdomo hajakupenda, amekuhesabu kama mali. Posa ina adabu yake, na sehemu kubwa ya adabu hiyo ni kwamba unaulizwa, na unaweza kusema hapana.

Sasa kuna filamu zinazoanzia pale za zamani zilipoishia, yaani baada ya lehenga kukunjwa kabatini. Thappad ya 2020 inahusu kofi moja tu. Mume mwenye hasira za kazini anampiga mkewe mbele ya wageni. Mke anadai talaka. Mama mkwe, na mama yake mzazi pia, wanamwambia mwanamke huvumilia. Baba yake anasimama naye. Darlings ya 2022 iko kwenye nyumba ya Waislamu, Mumbai. Badru anapigwa na mumewe Hamza usiku, asubuhi anapewa maneno matamu. Anajipa matumaini: akiacha pombe atabadilika, tukipata mtoto atabadilika. (Najua mtauliza kwa nini mpigaji aitwe Hamza. Nami niliuliza. Lakini wako kina Hamza, na wako kina Vikram, mume wa kwenye Thappad.) Na ndani ya ndoa mwanamke wa India hana pa kwenda sana. Hata sheria mpya ya jinai iliyoanza Julai 2024 imeacha ule msamaha kwamba mume kumuingilia mkewe mtu mzima kwa nguvu hakuhesabiwi kubaka.

Kama mtatazama moja tu, tazameni ya Pakistan, Khuda Kay Liye ya Shoaib Mansoor, ya mwaka 2007. Mary amekulia Uingereza. Baba yake anamdanganya safari, anampeleka mpakani mwa Afghanistan na kumuozesha binamu yake bila ridhaa. Anajaribu kutoroka, anarudishwa, na mume anashinikizwa amuingilie kwa nguvu ili asitoroke tena. Kesi inafika mahakamani Lahore, na wanasheria wanarushiana dini. Ndipo anaitwa Maulana Wali, anayechezwa na Naseeruddin Shah, yule yule aliyekuwa msubedari wa Mirch Masala. Kwa utulivu anaeleza kuwa Uislamu hauruhusu kumuozesha mwanamke kwa nguvu. Sisi tuliosoma chuoni tunamkumbuka Khansa bint Khidam, aliyeozeshwa na baba yake asipopataka. Alikwenda kwa Mtume, rehma na amani zimfikie, na Mtume akaivunja ndoa ile.

Mary anashinda kesi. Filamu haimtafutii mume mwengine. Anarudi kule kule kijijini alikofungwa, akawasomeshe wasichana.