Gemu Fupi Si Wizi

Leo sina msimbo wa kuwaonyesha. Leo ni ugomvi tu.

Kila nikitaja hapa Mbita kwamba napenda gemu fupi za mapigano zenye hadithi, zile unazoanza Jumamosi na kumaliza Jumapili, jibu ni lile lile: "Saa sita tu? Hao wamekuibia!" Anayesema hivyo huwa amekaa kwenye kibanda cha PlayStation, analipia mpira kwa mechi, na msimu huu ameshacheza mechi ile ile mara mia. Sina neno na mpira. Neno langu ni na hesabu yake: chukua bei, igawanye kwa saa, jibu likiwa dogo umefaidi. Kwa hesabu hiyo foleni ya hospitali ndiyo burudani bora kuliko zote, maana unakaa siku nzima bila kulipia kiti.

Hesabu hii haikuzaliwa hapa. Februari 2015 ilitoka The Order: 1886 ya PlayStation 4 kwa dola 60, ambazo wakati huo zilipita shilingi 5,000 za Kenya. Hata kabla haijafika madukani, video zilikuwa YouTube zikionyesha mtu ameimaliza kwa saa kama tano, na mtandao ukawaka moto. Tano! Tano! Wachache sana waliuliza kama hizo saa tano zilikuwa nzuri. Mimi naona hazikuwa nzuri. Picha tamu mno, lakini unatembea, unatazama, unabonyeza kitufe ukiambiwa, halafu hadithi inakatika kama stima imepotea. Kuongezewa saa kumi zaidi za namna hiyo kungekuwa adhabu.

Na sisi watu wa ziwani tungepaswa kuwa wa mwisho kulalamikia ufupi. Ile sigana ya Nyamgondho wuod Ombare, ya kule Nyandiwa, Gwassi, inaisha kabla ugali haujaiva. Mvuvi maskini ananasa bibi kizee badala ya samaki, anampeleka nyumbani, anatajirika kwa ng'ombe, analewa, anamtukana bibi, na bibi anarudi ziwani huku ng'ombe wote wakimfuata. Basi! Hakuna aliyewahi kumdai nyanya yake fidia kwa sababu hadithi imekuwa fupi. Sasa jaribu kuisimulia upya, lakini kabla ya bibi kuondoka Nyamgondho aagizwe kuleta kuni mara kumi, kisha maji mara kumi, kisha kuni tena, kwa kijiji cha jirani sasa. Hivyo ndivyo gemu nyingi za "saa themanini" zilivyo.

Mimi naandika programu kwa riziki, kwa hiyo saa themanini najua zinakotoka. Zinatoka kwenye kitanzi. Kambi ya adui ni ile ile, nambari ya afya imeongezwa, shati limebadilishwa rangi, imewekwa kilima kingine. Kitanzi ni rahisi kuandika. Kilicho ghali ni tukio moja linalotokea mara moja tu na haliwezi kurudiwa, maana lina picha zake, sauti zake, na mapangilio ambayo hutayatumia popote tena. Mtengenezaji wa gemu fupi amelipia kile kilicho ghali, na wewe unamwita mwizi.

Chukua Max Payne ya 2001, kazi ya Remedy wa Ufini. Pesa ya kuajiri waigizaji hawakuwa nayo, hivyo mwandishi wa hadithi, Sam Lake, akatoa uso wake mwenyewe kuwa uso wa shujaa. Hadithi wakaisimulia kwa kurasa kama za vitabu vya katuni, na sauti juu yake. Inaisha kwa saa nane hivi, na watu wangali wanaizungumzia. Ilihitaji prosesa ya 450 MHz na kumbukumbu ya MB 96, yaani hata ile mashine iliyotupwa na ofisi inaiendesha. (Kwenye Windows mpya sauti inagoma, tafuta kiraka chake.) Linganisha na Call of Duty: Modern Warfare ya 2019, iliyovimba mpaka ikapita GB 200. Piga hesabu ya bando, halafu uniambie nani mwizi.

Kuna wanaobisha kwa akili zaidi: kama ni hadithi fupi, si niitazame YouTube bure? Hapa naomba ruhusa ya kuwaharibia mwisho wa gemu moja. Brothers: A Tale of Two Sons ilitoka 2013, msimamizi wake Josef Fares, mtengeneza filamu wa Sweden aliyezaliwa Lebanon. Saa tatu hivi. Kijiti cha kushoto cha pedi kinamwendesha kaka mkubwa, cha kulia mdogo. Mdogo anaogopa maji, kwa kuwa mama yao alizama, kwa hiyo kila penye maji anajishika mgongoni mwa mkubwa. Kaka mkubwa anakufa. Mdogo anafika mtoni peke yake, dawa ya baba mkononi. Unasukuma kijiti chake, hataki. Unabonyeza kitufe chake, hataki. Mpaka kidole chako cha kushoto, ambacho kimekaa bila kazi tangu mazishi, kibonyeze kitufe cha marehemu. Ndipo anaogelea.

Video itakuonyesha mtoto anaogelea tu. Kidole kilichokuwa bure haikuonyeshi. Na katika mji huu ambao watu wake wanakwenda usiku kutafuta omena, na si wote wanaorudi, sihitaji kueleza kwa nini lile lilinikaa kifuani.

Sisemi kila fupi ni nzuri, msinielewe vibaya. Mwaka 2014 Call of Duty: Advanced Warfare ilikupeleka kwenye mazishi ya rafiki na kukuandikia ubonyeze F ili utoe heshima. Kitufe kimoja pia, msiba pia, na dunia nzima ikacheka mpaka leo. Urefu haukuhusika kabisa.

Kinachoniuma hasa ni hiki. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, Andrew Kaggia akatoa Nairobi X mwaka 2015. Hao ni Wakenya waliotengeneza gemu za mapigano bila mamia ya wafanyakazi wa Marekani. Watu wachache hawawezi kukupa saa themanini. Wanaweza kukupa tatu, na ukizikataa hizo tatu umewakataa wote. Tangu Juni 2015 Steam inakurudishia pesa ukiwa umecheza chini ya saa mbili, ndani ya siku 14. Mwaka 2021 mtengenezaji wa Summer of '58, gemu ya kutisha inayoisha kabla ya saa hizo mbili, alitangaza kuacha kazi hiyo kwa muda usiojulikana: watu walikuwa wakiimaliza, wengine wakiisifu, halafu wakidai pesa zao.

Kuna vijana hapa wanaojua kuandika msimbo na wanaoijua sigana ya Nyamgondho kuliko mimi. Nikiwauliza kwa nini hawaanzi, wananiambia itakuwa fupi mno, hakuna atakayenunua. Nani amewafundisha hivyo? Wewe, pale kibandani, na kikokotoo chako.

Brothers ninayo. Aliye Mbita na anataka kubishana nami aje kwanza aicheze, Jumapili mchana, kabla stima haijapotea.