Sungura Hana Ukorofi, Sisi Ndo Tunalala Mapema

Najua nimepotea kidogo. Kuna walioniuliza pale kantini mbona macho mekundu kama nimetoka kilabuni, na kuna walioanza kusambaza kwamba nimepata mtu wa kukesha naye. Ha ha ha! Hilo la pili ni kweli, ila mtu mwenyewe ana masikio marefu na miguu minne.

Kwa ambao hawajui historia, iko hivi. Mwaka jana mimi na mwenzangu wa chumbani tulipata wazo la mradi. Tukanunua sungura wawili, dume na jike, tukawaweka gheto kwetu huku Changanyikeni. Hesabu zilikuwa tamu bwana. Sungura jike anabeba mimba mwezi mmoja tu, kama siku 31 hivi, anazaa watoto kadhaa kwa mpigo, na haimchukui muda kubeba tena. Tukajiona tayari tumeacha kusubiri bumu. Basi bwana, jike akafa kabla hata hajazaa mara moja. Akabaki dume peke yake, mradi ukafa, yeye akaendelea kula. Taratibu akaacha kuwa mradi, akawa mwenzetu. Tukampa jina Mwenyekiti kwa sababu ya tabia yake ya kugonga chini kama mtu anayefungua kikao.

Tatizo ni kwamba vikao vyake huanza saa nane usiku.

Kama hujawahi kulala chumba kimoja na sungura, ngoja nikueleze. Kwanza anauma waya wa banda na kuutikisa, ule waya wa kuku unalia mfululizo kama mtu anayekwangua sufuria. Halafu anainua bakuli lake la bati kwa meno na kulitupa. Halafu kimya... unaanza kupitiwa na usingizi. Ghafla, PU! Anapiga sakafu kwa miguu ya nyuma. Hapo unaketi kitandani moyo unakwenda mbio kama umeota maiti.

Ukuta wetu wa pili anakaa mama mmoja mwenye mtoto mchanga. Mtoto akiamka saa nane, nyumba nzima imeamka. Mwezi jana mama mwenye nyumba akatuita barazani, hakugomba hata kidogo, na hilo ndo lililonitisha. Akasema tu, "Wanangu, mimi nilipangisha wanafunzi wawili. Mwisho wa mwezi nataka nikute wawili." Mwenzangu naye, mtu wa Hesabu, mitihani ilikuwa inakuja na asaimenti zimejaa. Akaniambia wazi kwamba akiamshwa tena, Mwenyekiti ataingia kwenye pilau.

Ushauri nilioupata kwa watu ulikuwa wa aina nne. Mchinje. Mtoe nje. Mfunike na blanketi. Mchape akome. Leo nataka kusema kwa nini naona yote manne ni ushauri wa mtu aliyechoka, si wa mtu aliyefikiri. Na nakiri mapema kwamba kabla ya kufikiri nilishajaribu mawili.

Nilianza na kupiga. Sikumpiga yeye, nililipiga banda kwa ndala na kupaza sauti, "Tulia!" Alinyamaza palepale, akajikunyata kwenye kona, macho yamemtoka. Nikajiona mshindi. Baada ya dakika kumi, PU! PU! Kumbe kugonga kwa miguu ya nyuma ni namna sungura anavyotoa taarifa ya hatari. Ameogopa, anawaambia wenzake waingie shimoni. Sasa mimi namtisha ili aache kusema kwamba ameogopa! Hebu fikirieni hiyo akili.

Blanketi nalo nikajaribu. Wadau, hili ni joto la Dar. Sungura hana namna nzuri ya kutoa jasho kama sisi, joto lake kubwa analipunguzia kwenye yale masikio. Joto likivuka nyuzi 30 huwa anaanza kupata shida, na anaweza kufa. Nilimkuta anahema haraka haraka, masikio ya moto. Nikalitoa blanketi nikiwa na aibu. Kumtoa nje napo, uwanja wetu una mbwa wa kuzurura na watu wa kuzurura, asubuhi nisingemkuta. Na kumchinja... sina ugomvi na anayekula sungura, ni nyama kama nyingine, tulimnunua kwa nia hiyohiyo. Ila kumchinja mnyama kwa kosa la kuamka saa zake, hapana.

Na hapa ndo hoja yangu ilipo. Sungura hakosei saa. Ni mnyama wa machweo na mapambazuko. Sungura wote wa kufugwa asili yao ni sungura-mwitu wa kule Hispania na Ureno, wanaoishi kwa makundi kwenye mashimo. Mchana wa jua kali amejificha. Giza likianza kuingia anatoka kula na kukimbia, na alfajiri tena. (Yule sungura mjanja wa hadithi za bibi ni jamaa mwingine kabisa, yule wa porini kwetu hachimbi mashimo na huishi pekepeke.) Sasa mchukue mnyama wa kundi, mwenye miguu ya kukimbia na meno yasiyoacha kukua maisha yake yote, mfungie peke yake kwenye banda la mita moja juu ya meza ya mbao, mzimie taa saa zake za kazi. Halafu mwite mkorofi!

Nilichofanya ni kukesha siku tatu na daftari. Ndiyo, daftari. Kwenye Saikolojia ya Elimu tunafundishwa kuchunguza tabia kabla ya kuihukumu, halafu tukitoka semina tunaisahau. Niliandika saa na aina ya kelele. Na niligundua kitu ambacho kingeniepusha mwezi mzima wa mateso: kelele zake si moja, ni mbili.

Ya kwanza ni ya waya. Hii huanza mimi nikijigeuza kitandani au nikiwasha taa. Kumbe nimeifundisha mwenyewe! Wiki zote zile akitikisa waya mimi huamka kumtupia kipande cha ndizi ili anyamaze. Skinner alishaandika mambo haya tangu 1938, na kila aliyesoma Ualimu amemkariri kwa ajili ya mtihani. Tabia inayolipwa inarudi. Na ikilipwa leo, kesho ikanyimwa, keshokutwa ikalipwa, ndo inakuwa sugu zaidi. Mimi nilikuwa nalipa siku nikichoka na kununa siku nikiwa na nguvu. Yaani sikuwa mhanga wa kelele, nilikuwa mwalimu wake.

Ya pili ni ile ya kugonga. Hii haikujali kama nimelala au niko macho. Usiku wa tatu nikamulika tochi chini ya meza, nikakuta panya wawili wakubwa wanakula pumba zilizomwagika. Wadau, Mwenyekiti alikuwa anatoa taarifa ya wezi! Sisi tunaota, yeye yuko zamu. Na zawadi yake ikawa ndala.

Kuanzia hapo nikabadilisha mambo, na nayaandika kwa utaratibu kwa ajili ya wenzangu wenye sungura mahosteli na magheto (najua mpo, msijifiche).

Pumba haziachwi usiku. Jioni natoa, nafagia, tumeziba tundu la panya kwa saruji. Kugonga kumepungua zaidi ya nusu kwa wiki moja tu.

Saa moja hadi saa tatu usiku anatoka bandani anakimbia chumbani. Nyaya za umeme tumezipandisha juu, maana anakata. Tunasoma huku anaruka. Akichoka analala chali kwenye mkeka kama mzee baada ya futari.

Saa nne, kabla ya kuzima taa, anapata fungu kubwa la nyasi kavu na matembele kidogo. Nyasi ndo chakula chake kikuu, pumba na karoti ni nyongeza tu. Anayetafuna nyasi hatafuni waya. Tena nyasi ndo zinazosaga meno, waya unaweza kuyavunja.

Bakuli la bati limeondoka, limekuja la udongo ambalo hawezi kulinyanyua. Banda limeshuka kutoka mezani hadi sakafuni, chini yake kuna mkeka na maboksi yaliyobondwa. Ile meza ya mbao ilikuwa ngoma, na sisi tulikuwa tumemweka mpigaji juu yake. Siku za joto kali anawekewa chupa ya maji ya barafu iliyozungushiwa kitambaa, anailalia ubavu.

Na la mwisho, gumu kuliko yote: akitikisa waya siamki, siongei, simtazami. Asubuhi nikiamka simlishi mpaka nimepiga mswaki, ili asifikiri kelele zake ndo zimeniamsha kumlisha. Nawaonya kwamba siku za mwanzo alizidisha. Usiku wa nne alitikisa waya kama anavunja gereza. Tabia inayokaribia kufa hupanda kwanza, na hapo ndipo wengi tunakubali na kutoa ndizi, na kumbe tumemfundisha kupiga kelele kubwa zaidi. Kabla ya kuanza nilienda kumwomba radhi yule mama wa chumba cha pili, nikamweleza kwamba siku chache zitakuwa mbaya. Alicheka. Akasema, "Mwanangu mie wa miezi mitano nimemshindwa, wewe wa masikio utamweza?" Baada ya kama wiki mbili, waya ukanyamaza.

Simdanganyi mtu kwamba sasa ni kimya. Saa kumi na moja alfajiri anaanza kuzunguka, na hilo sitalibadilisha kwa sababu ndo saa yake. Mwenzangu amelikubali. Anasema sasa anaamka kusolvu maswali wakati huo, amempandisha cheo kutoka Mwenyekiti hadi Muadhini.

Lakini kuna jambo moja sijalimaliza, na sitaki kulificha. Upweke. Sungura ni mnyama wa kuishi na wenzake, na ninachompa mimi ni masaa mawili ya jioni. Nikimletea jike, baada ya mwezi nina banda la watoto na mama mwenye nyumba ana haki ya kunifukuza. Nikimletea dume, watapigana mpaka watoane damu. Kwa hiyo sehemu ya zile kelele haikuwa panya wala ndizi, ilikuwa ni mnyama aliyefiwa na mwenzake na kuachwa peke yake. Hiyo sina dawa yake ndani ya chumba cha kupanga. Ningelijua hili mwaka jana nisingenunua. Na ndo ushauri wangu kwa anayetaka kununua kwa sababu ni weupe na wapole: kama huna nafasi, huna jioni, na huwezi kuweka zaidi ya mmoja, muache sokoni.

Nimalizie na hili, maana tunakaribia kwenda TP. Mwaka jana nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekuwa akigongagonga dawati kila nikigeukia ubaoni. Nilimsimamisha nyuma ya darasa wiki nzima. Mwisho wa wiki nikamwona ananakili kutoka kwenye daftari la jirani, pua karibu iguse karatasi. Alikuwa haoni ubao. Nilipomsimamisha nyuma nilimsogeza mbali zaidi na kitu alichokuwa anakililia. Sijasahau. Sifananishi mtoto wa watu na sungura, msije mkanisema vibaya. Ninachosema ni kwamba mwenye kasoro yuleyule alikuwa na ndala usiku na chaki mchana: mtu anayesikia kelele zote kama kelele moja.

Mwisho wa mwezi mama mwenye nyumba alikuja kama alivyoahidi. Alikaa barazani mpaka usiku, akasikiliza. Mwenyekiti alikuwa anatafuna nyasi zake taratibu. Mama akainuka, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Haya. Mwezi ujao tutaongea." Bado hatujaongea.

Sasa wadau naomba msaada. Tukienda TP chumba kitabaki kitupu wiki nane. Nani ana uwanja wenye uzio, na ikiwezekana ana sungura wengine, amchukue Mwenyekiti? Ikibidi hata kwa moja kwa moja, nitalia kidogo halafu nitakubali. Nyasi nitaleta, bakuli la udongo nitaleta, na daftari la saa zake nitaleta.

Wa pilau msijitokeze. Nawafahamu kwa majina.

Naomba kuwasilisha.