Mgonjwa Alitembea Wapi? Kikohozi cha Vumbi la Jangwa la Arizona

Kila mwaka, baridi inapoanza kukaza katika majimbo ya kaskazini ya Marekani na katika nchi ya Kanada, wazee wengi waliostaafu hufunga nyumba zao na kushuka kusini kwa magari-nyumba, yaani magari makubwa yenye kitanda, jiko na choo ndani yake. Wamarekani huwaita ndege wa theluji. Mojawapo ya vituo vyao vikubwa ni Quartzsite, mji mdogo wa jangwani magharibi mwa jimbo la Arizona, si mbali na Mto Colorado. Wakazi wake wa kudumu ni elfu chache tu, lakini katika majira ya baridi wageni huja kwa malaki. Kusini mwa mji serikali imetenga eneo la jangwa liitwalo La Posa, ambako mtu hulipa ada akaruhusiwa kuegesha gari lake tangu tarehe 15 Septemba hadi tarehe 15 Aprili.

Watu hawa hawaji kukaa kitako. Asubuhi utawaona wakiondoka kituoni kwa safari za siku moja. Wako waendao katika hifadhi ya Kofa, ambako baada ya kilomita 29 hivi za barabara ya lami na 11 za barabara ya vumbi mtu hupanda kwa miguu kutazama mitende-mwitu yenye majani mapana kama ya mvumo, iliyojificha katika ufa wa mlima. Wako wapandao pikipiki za magurudumu manne na kufuata mikondo mikavu ya mito hadi kwenye migodi iliyoachwa, na wako wachimbao ardhi kwa nyundo na koleo wakitafuta mawe ya rangi. Wengine huvuka mpaka karibu na Yuma na kuingia Los Algodones, mji wa Meksiko wenye madaktari wa meno mamia, wakarudi jioni na jino jipya na mfuko wa dawa ambazo daktari wao wa nyumbani hatazisikia kamwe. Na wasiotaka kwenda mbali huzuru makaburi ya mjini, alikozikwa Hadji Ali, mtunza ngamia aliyefika Marekani mwaka 1856, Jeshi la nchi hiyo lilipojaribu kutumia ngamia kubeba mizigo. Wenyeji walishindwa kulitamka jina lake wakamwita Hi Jolly, na ndivyo anavyojulikana hadi leo.

Mtaalamu wa afya hana sababu ya kuzipinga safari hizi. Mzee mwenye kisukari au shinikizo la damu anayetembea kila siku kwenye jua la wastani, akizungukwa na wenzake, yu katika hali bora kuliko yule aliyefungiwa na theluji mbele ya televisheni. Shaka yangu ni juu ya namna tunavyomshauri. Wengi wetu tuna maneno mawili tu: ama “usiende, umri umekwenda,” ama “nenda, lakini unywe maji mengi.” La kwanza humnyima mtu afya kwa jina la kumlinda. La pili ni zuri mahali pake, maana joto la Arizona si la mzaha: mwaka 2023 wilaya ya Maricopa, ulipo mji wa Phoenix, ilithibitisha vifo 645 vilivyohusiana na joto. Hata hivyo, mgonjwa wa moyo aliyewekewa kipimo cha maji hawezi kuambiwa “mengi” na kuachwa hivyo hivyo. Tena ndege wa theluji huwapo jangwani wakati ambapo joto limepoa. Kitu wanachokutana nacho kila siku, ambacho ni nadra kusikia tukikiuliza, ni vumbi.

Katika udongo wa jangwa lile huishi kuvu, au fangasi kama wengi tusemavyo, wa jamii ya Coccidioides. Mvua inaponyesha kuvu huyo hukua. Ardhi inapokauka, nyuzi zake hukatika vipande vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo hupeperushwa na upepo, koleo au gurudumu. Mtu akivivuta, kuvu huanza maisha mapya ndani ya mapafu. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kukoholeana. Takriban watu 6 kati ya 10 waliovuta vumbi hilo hawaoni dalili yoyote. Wengine hupata homa, kikohozi, maumivu ya kifua, kutokwa na jasho usiku, uchovu usioisha, na pengine vinundu vyekundu vyenye maumivu miguuni au maumivu ya viungo, ambayo zamani yalifanya ugonjwa uitwe baridi yabisi ya jangwani. Wengi hupona wenyewe baada ya wiki au miezi. Lakini kati ya wanaougua, asilimia 5 hadi 10 hubaki na madhara ya muda mrefu mapafuni, na karibu mmoja kati ya 100 husambaa mwilini ukafika kwenye ngozi, mifupa, au utando wa ubongo.

Ugumu wa ugonjwa huu umo katika kalenda. Safari ilikuwa ya siku moja. Dalili huanza wiki 1 hadi 3 baadaye. Aliyechimba mawe mwishoni mwa Machi hukohoa katikati ya Aprili, wakati amekwisha kuliwasha gari lake na kurudi Minnesota. Daktari wa huko huona kivuli kwenye picha ya kifua, huandika nimonia, humpa antibiotiki, kisha antibiotiki nyingine, ambazo kwa kuvu hazina nguvu yoyote. Mgonjwa mwenyewe haitaji ile safari, kwa kuwa hakuona kuwa ni safari: alikwenda kutembea tu. Na tusidhani kwamba karibu na jangwa tatizo ni dogo. Utafiti mmoja uliofanywa Tucson na kuchapishwa mwaka 2006 uliwapima wagonjwa 55 wa nimonia ya kawaida ya nje ya hospitali, ukamkuta kuvu huyu kwa asilimia 29 yao. Wala hachagui wazee: mwezi Juni 2001, katika hifadhi ya Dinosaur huko Utah, watu 10 waliokuwa wakifanya kazi kwenye eneo la mambo ya kale waliugua baada ya kuchimba na kuchekecha udongo.

Msomaji wa Kiswahili aweza kuuliza, hayo yanatuhusu nini? Phoenix na Tucson zina familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo na nchi jirani, ambazo lugha yao hospitalini ni Kiswahili. Familia hizo nazo hutoka siku ya Jumapili kwenda milimani, na vijana wao hufanya kazi za ujenzi na mashamba, ambako vumbi ni la kila siku. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba watu wenye asili ya Afrika, pamoja na wenye asili ya Ufilipino, hupatwa zaidi na ugonjwa uliosambaa mwilini. Ndivyo ilivyo pia kwa wajawazito, hasa katika miezi ya mwisho, kwa wanaoishi na VVU wenye kinga iliyoshuka, na kwa wanaotumia dawa za kupunguza kinga. Sasa mtazame Mkongomani anayekohoa, aliyekonda, anayetokwa na jasho usiku. Atakayemwona atafikiri kifua kikuu, na atakuwa na haki ya kufikiri hivyo. Kosa litaanza pale makohozi yatakapopimwa mara ya pili na ya tatu bila kuonyesha kitu, na bado hakuna aliyeuliza habari za vumbi. Kinyume chake pia chaweza kutokea: jamaa arudiye Nairobi au Bukavu akitokea Arizona huweza kuanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa ugonjwa usiosikia dawa hizo.

Kisha liko jambo la jina, ambalo mimi naliona zito kuliko wengi wanavyodhani. Wamarekani huuita ugonjwa huu Homa ya Bonde, kwa sababu ulijulikana sana katika Bonde la San Joaquin, California. Mkalimani akilitafsiri jina hilo neno kwa neno, mgonjwa aliyekulia Afrika Mashariki atasikia Homa ya Bonde la Ufa, ambayo ni ugonjwa mwingine kabisa: wa virusi, wa mifugo, uenezwao na mbu na kwa kugusa damu ya wanyama. Atajibu kwa uaminifu kwamba hana ng'ombe wala mbuzi, hakuchinja, hakuumwa na mbu, na mazungumzo yatakwisha hapo. Napendekeza wakalimani na wauguzi wetu waliache neno “bonde” na kusema “kuvu wa vumbi la jangwa.” Jina hilo ni refu, lakini linamweleza mgonjwa palepale kitu kilichomwingia na mahali kilikotoka.

Nimesikia hoja kwamba kuyasema haya ni kuwatisha watu wasitoke nje. Vumbi lakini hupunguzika. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanajeshi waliofundishwa urubani katika Bonde la San Joaquin waliugua kwa wingi. Daktari Charles E. Smith na wenzake wakashauri viwanja vipandwe nyasi na njia zitiwe lami, na wagonjwa wakapungua. Mtembezi hawezi kutia jangwa lami, ila anaweza kutokuwa wa mwisho katika msafara wa pikipiki, kwani wa nyuma hula vumbi la wote. Anaweza kufunga madirisha ya gari upepo unapovuma, kuahirisha safari siku ya dhoruba, na kuwaachia wengine koleo ikiwa kinga yake ni dhaifu. Barakoa ya N95 husaidia kiasi, ingawa sijaona wengi wawezao kupanda mlima wakiwa wameivaa. Kutembea juu ya mwamba au njia iliyoshindiliwa, asubuhi isiyo na upepo, sina sababu ya kumkataza mtu.

Kwa wenzangu wa kliniki, naomba swali moja liongezwe kwenye karatasi ya mgonjwa wa kifua: katika miezi 3 iliyopita, uliwahi kulala au kupita katika jangwa la kusini-magharibi mwa Marekani, hata kwa siku moja, na ulifanya nini huko? Jibu likiwa ndiyo, kipimo cha damu cha kingamwili kiombwe mapema, na dawa za steroidi zisiharakishwe, kwani huweza kumsaidia kuvu asambae. Dawa za kuvu zipo, flukonazoli ikiwamo, nayo wengi wetu tunaijua kwa magonjwa mengine. Nani aipate na kwa muda gani ni uamuzi wa daktari, maana si kila mgonjwa anaihitaji.

Nawe mgonjwa, usingoje kuulizwa. Taja jina la mahali, tarehe, na kama ulichimba au uliendesha kwenye vumbi. Ukiwa ulisafiri na mbwa naye anakohoa au anachechemea, litaje hilo pia, kwani mbwa huugua ugonjwa huu huu. Na ukipimwa damu katika wiki za mwanzo ukaambiwa hakuna kitu, huku kikohozi kinaendelea, rudi uombe kipimo kirudiwe baada ya wiki chache, kwa sababu kingamwili huchelewa kujitokeza.