Kozi ya Bure Imfikie na Mgonjwa

Mtahiniwa, ugonjwa wa selimundu umeusoma katika Biolojia, kwenye mada ya urithi. Unaweza kueleza jinsi seli nyekundu za damu zinavyojipinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Je, umewahi kujiuliza mwanafunzi mwenye ugonjwa huo anasomaje? Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nao duniani, hivyo huenda mmoja wao yumo darasani mwako. Maumivu yanapomshika, anaweza kukosa masomo ya wiki nzima.

Wengi husema hilo si tatizo tena, kwa kuwa mtandaoni kuna kozi za bure. Ni kweli zipo. Mwaka 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kwamba kitaweka masomo yake wazi kwa kila mtu. Khan Academy nayo hufundisha Hisabati na Sayansi bila ada. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kufuta ada pekee hakutoshi.

Kwanza, kuna suala la tarehe. Kozi nyingi hudai kazi ikusanywe kila wiki, na nyingine humfungia asiyelipa baada ya muda fulani. Maumivu hayafuati ratiba. Aliyelazwa siku nne hurudi na kukuta amepitwa, ingawa uwezo wa kuelewa somo anao.

Pili, video ni ndefu mno. Mtu aliyechoka hawezi kukaa saa nzima mbele ya skrini, na bando huisha kabla ya somo. Somo fupi lenye maandishi ya kupakua, ambalo atalisoma kitandani bila intaneti, humfaa zaidi.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba bila tarehe wanafunzi watazembea. Hoja hiyo ina uzito, maana wengi huanza kozi hizo na wachache huzimaliza. Lakini uzembe wa mzima usiwe sababu ya kumwadhibu mgonjwa. Tarehe ziwepo kama mwongozo, na anayechelewa aruhusiwe kuendelea. Khan Academy inaonyesha kuwa jambo hili linawezekana, kwani mwanafunzi hujisomea kwa kasi yake na kurejea pale alipoishia.

Ikiwa wewe ndiye unayeugua, kabla ya kujiandikisha chunguza mambo matatu: kama kuna tarehe ya mwisho, kama masomo yanapakuliwa, na kama cheti kinalipiwa. Ikiwa u mzima, usimwachie mwenzako simu peke yake. Akitoka hospitali, mpelekee daftari lako na umweleze mwalimu alisisitiza nini. Mtihani wa taifa mtaufanya siku moja, na hilo hakuna kozi ya mtandaoni itakayomweleza.