NYUMBA NI YAKO, KURA NI YA ALIYEKUUZIA

Mtu akiisha kununua nyumba, au akiisha kujifunga kuilipa kwa miaka 30, astahili kuwa na neno juu ya njia ipitayo mlangoni pake. Sisi tulidhani kwamba jambo hilo halihitaji hata kuandikiwa sheria. Lakini katika Marekani, nchi ijisifuyo kwa wingi wa raia wenye nyumba zao wenyewe, wako wanunuzi wengi mno ambao neno hilo hawana. Wanalipa ada, wanatozwa faini, wanaitwa wanachama, na siku ya kupiga kura wanamkuta aliyewauzia nyumba amekwisha kushinda kabla mkutano haujafunguliwa.

Inafaa tuueleze mpango huo kidogo. Kampuni hununua shamba kubwa nje ya mji, hulikata viwanja, hujenga nyumba, barabara na mifereji, na pengine bwawa la kuogelea. Kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa, kampuni huandikisha hati ya masharti, na kwa hati hiyo huunda chama cha wenye nyumba. Kila anunuaye amekwisha kuwa mwanachama, apende asipende, wala hawezi kujitoa ila kwa kuuza nyumba yake na kuhama. Chama ndicho kitengenezacho barabara, ndicho kiamuacho rangi ya milango na urefu wa nyasi, na ndicho kitozacho. Mwaka 1964 idara ya Serikali ya Marekani idhaminiyo mikopo ya nyumba ilishiriki kutoa kitabu cha mwongozo kilichousifu mpango huu, na tangu hapo umeenea kama moto wa nyikani. Vyama vilivyokuwa kama 10,000 mwaka 1970 sasa ni zaidi ya 350,000, na watu waishio chini yake wapita milioni 70.

Sasa tuje kwenye kura. Hati nyingi za masharti humpa mnunuzi kura moja kwa kiwanja chake, na humpa mjenzi kura tatu kwa kila kiwanja ambacho hajakiuza. Msomaji na achukue kalamu atufuate. Mtaa una viwanja 400. Mjenzi amekwisha kuuza 280, na familia 280 zimehamia, zimepanda miti, watoto wanakwenda shule. Hao wana kura 280. Mjenzi amebakiza viwanja 120 vyenye magugu, na magugu hayo yana kura 360! Hata akibakiwa na viwanja 101 bado atawashinda watu 299 kwa kura nne. Mpaka auze robo tatu ya mtaa ndipo wanunuzi wawe sawa naye. Katika jimbo la Florida sheria inamwacha ashike wingi wa halmashauri mpaka miezi mitatu baada ya viwanja 90 katika kila 100 kuuzwa. Na kwa kuwa auzaye ni yeye, yeye ndiye ajuaye ni lini vitatimia.

Huenda mtu akasema kwamba kura si kitu, maadamu barabara zinapitika. Tunamwomba atazame mambo yanayoamuliwa katika halmashauri hiyo. Kwanza ni ada. Huko Florida mjenzi akiwa bado anatawala aweza asilipe ada za viwanja vyake, mradi aahidi kufidia upungufu wa chama. Naye ndiye apangaye makisio, hivyo ndiye asemaye kama upungufu upo au haupo. Aghalabu ada huwa ndogo wakati wa kuuza, ili mnunuzi avutike, na akiba ya kutengeneza barabara na mapaa haiwekwi ya kutosha. Mjenzi akiisha kuondoka, lami huanza kupasuka, na hapo ndipo ada hupanda.

Jambo la pili ni baya zaidi. Ikiwa mifereji ilijengwa vibaya, mwenye kupaswa kumshitaki mjenzi ni chama. Chama ni halmashauri, na halmashauri ni watumishi wa mjenzi. Ni nani amewahi kumwona mtu akijipeleka mwenyewe mahakamani? Nayo sheria haikawii kuhesabu miaka. Mwaka 2023 Florida ilipunguza kikomo cha kushitaki kwa kasoro za ujenzi toka miaka 10 hadi 7.

Hatusemi kwamba wanunuzi wamelala. Wakazi wa Solivita huko Florida, mtaa uliojengwa kwa ajili ya watu waliopita umri wa miaka 55, walilazimishwa kulipa ada za klabu, na ndani ya ada hizo mlikuwa na faida ya kampuni iliyowajengea. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2021 hakimu aliamuru warudishiwe karibu dola milioni 35. Rufani ikatupwa mwaka 2023. Huo ni ushindi mkubwa. Lakini ni wazee wangapi wenye mawakili wa kupigana nao miaka yote hiyo?

Wala chama si klabu ya kunywea chai ambayo mtu hufukuzwa akaenda zake nyumbani. Mwaka 2001, mjini Houston katika jimbo la Texas, nyumba ya mjane wa miaka 82, iliyothaminiwa dola 150,000, ilinadiwa kwa dola 5,000 kwa sababu ya ada za chama zipatazo dola 800 hivi. Watu walipiga kelele, na mwaka ule ule Bunge la Texas likapitisha sheria ya kumpa mwenye nyumba siku 180 za kuikomboa. Hatudai kwamba chama kile kilikuwa mikononi mwa mjenzi. Tunasema kwamba hiyo ndiyo silaha ambayo mjenzi anaishika miaka yote awapo halmashaurini, na walioelekezewa hawana kura ya kumnyang'anya.

Wajenzi nao wana hoja, nasi hatuwezi kuificha. Siku ya kwanza hakuna wakazi. Ni lazima awepo mtu wa kulipa taa na kukata nyasi. Aliyekopa benki mamilioni ya dola anaogopa wanunuzi kumi wa kwanza wasije wakabadili masharti na kumharibia soko. Tunakubali. Lakini hoja hiyo yafaa kwa mwaka wa kwanza na wa pili, haifai kwa mwaka wa kumi na mbili. Texas yenyewe, katika marekebisho ya mwaka 2011, iliona hivyo nusu nusu: robo tatu ya viwanja ikiisha kuuzwa, wenye nyumba wapewe walau theluthi moja ya viti. Robo tatu ya watu kwa theluthi ya viti! Hesabu ya namna hiyo sisi hatukufundishwa shuleni.

Tena watu weusi wa Marekani wanayajua masharti haya kwa machungu yao. Vyama vya kale vya mitaa vilivitumia viwanja na hati kuwazuia wasinunue nyumba, mpaka mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi iliyotoka St. Louis, ilipokataza mahakama zisitekeleze masharti ya rangi. Rangi imetoka katika hati. Desturi ya muuzaji kumtungia mnunuzi sheria ya kuishi imebaki.

Jambo hili si la mbali. Nchini Kenya kwa miaka mingi aliyenunua fleti alipewa hati ya upangaji wa muda mrefu pamoja na hisa moja katika kampuni ya usimamizi, na mara nyingi ardhi na usukani vikabaki kwa mjenzi, mpaka ilipotungwa sheria ya mwaka 2020. Hapa Tanzania tunayo sheria ya mwaka 2008 juu ya umiliki wa sehemu za jengo, ambayo humpa kila mwenye sehemu hati yake, na fungu lake katika ngazi, paa na uwanja. Majengo ya ghorofa yanaongezeka Dar es Salaam na Dodoma, na wafanyakazi wanaanza kununua humo kwa mikopo ya kukatwa mishahara. Kwa hiyo twawaomba wenzetu, kabla hawajaweka sahihi, waulize ni lini mkutano wa kwanza wa wenye nyumba utaitishwa, muuzaji atakuwa na kura ngapi siku hiyo, naye atalipa ada kwa vyumba asivyoviuza au hatalipa. Na jibu la mdomo wasilipokee. Liandikwe katika mkataba.