Chokaa ubongoni: Damu ipimwe kabla ya kukata tamaa

Ugonjwa wa Fahr ni maradhi adimu sana. Umepewa jina la Karl Theodor Fahr, daktari Mjerumani aliyeandika juu yake mwaka wa 1930. Kalsiamu, yaani chokaa ile ile inayojenga mifupa na meno, huganda pande zote mbili za ubongo, hasa katika sehemu za ndani zinazoongoza mwendo wa viungo.

Aghalabu mgonjwa huwa na umri wa kati ya miaka 30 na 60. Huanza kutetemeka, kukakamaa viungo au kuyumba atembeapo, na ulimi huwa mzito. Mwingine hupatwa na kifafa, usahaulifu, huzuni au hata kurukwa na akili. Si ajabu basi jamaa zake kudhani kwamba amerogwa au amezidisha pombe.

Chokaa hiyo huonekana katika picha ya CT kama madoa meupe. Lakini picha hiyo pekee si hukumu. Baadhi ya wazee wana madoa madogo ya aina hiyo na hawaugui chochote. Isitoshe, madoa hayo yana sababu nyingine, na mojawapo ina tiba.

Shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, mna tezi nne ndogo zinazosawazisha kalsiamu katika damu. Zikiharibika, kwa mfano baada ya upasuaji wa rovu, kalsiamu hupungua katika damu na baada ya miaka huweza kuganda ubongoni. Mgonjwa huhisi ganzi vidoleni na mdomoni, misuli hukaza, na huenda akaanguka kifafa. Akitibiwa kwa kalsiamu na vitamini D chini ya uangalizi wa daktari, anaweza kupata nafuu kubwa, hata kama madoa yenyewe hayafutiki.

Kwa hivyo, nashikilia kwamba mtu asiambiwe ana ugonjwa wa Fahr kabla ya damu yake kupimwa kalsiamu, fosfeti na homoni ya tezi hizo. Kumwacha na kifafa kinachotibika ni kumdhulumu.

Vipimo hivyo vikiwa sawa, jamaa waelezwe kwamba ugonjwa wa Fahr mara nyingi hurithiwa. Tangu mwaka wa 2012 wanasayansi wamegundua jeni kadhaa zinazouleta. Katika aina iliyo ya kawaida zaidi, kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kurithi jeni hiyo, ingawa si kila aliyeirithi huugua.

Dawa ya kuondoa chokaa hiyo haijapatikana, lakini kifafa, huzuni na kutetemeka vina dawa za kuvipunguza. Wala msimnyime mgonjwa maziwa, kwani chokaa hiyo haitokani na chakula. Mkionyeshwa picha yenye madoa meupe, muulizeni daktari: Je, damu imepimwa?