Mdomo wa Ziwa Usifumbwe

Wageni wanaozuru nchi yetu hudhani kwamba kila Mkenya ni mkimbiaji. Dhana hiyo imejengwa na sifa za wanariadha wetu wa milimani, hasa wale wanaofanyia mazoezi Iten, mji ulio katika kimo cha karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Ni nadra kumsikia mtu akiutaja mji wa Kisumu katika mazungumzo ya namna hiyo. Kisumu iko chini zaidi, kiasi cha mita 1,130 hivi, na joto lake humtoa mtu jasho hata kabla hajaanza kukimbia. Hata hivyo, kwa upande wa mandhari, sijui kama kuna mji mwingine humu nchini unaoweza kumpa mkimbiaji wa kawaida raha kama mji huu wa kando ya ziwa. Swali ninalotaka tulitafakari leo ni hili: je, raha hiyo ni ya nani?

Mimi si mwanariadha. Ni mwalimu wa isimu ambaye amekwisha kupita umri wa miaka arubaini, na daktari alinionya kwamba kiti cha ofisini kitanimaliza. Ndipo nikaanza kukimbia, polepole, kila nipatapo nafasi ya kukaa Kisumu. Kwa kuwa mji huo uko karibu sana na Ikweta, mapambazuko yake hayabadilikibadiliki. Mwaka mzima jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro. Hiyo ndiyo saa ya kukimbia.

Njia yangu ya kwanza huanzia katikati ya mji, katika barabara ya Oginga Odinga, kisha huelekea kusini kupitia mtaa wa Milimani wenye miti mikubwa. Hupita karibu na hifadhi ndogo ya swala iliyotangazwa rasmi mwaka wa 1992, ikafika mahali panapojulikana kama Hippo Point, na hatimaye ikaishia Dunga. Pale Dunga mkimbiaji huwakuta wavuvi wakishusha samaki, akina mama wakipatana bei, na ndege wakilia ndani ya mafunjo. Njia ya pili huelekea kaskazini, kwenye vilima vya Riat. Hiyo ni ya wenye mapafu imara. Lakini anayefika juu hulipwa ujira wake: mji wote huwa umelala chini yake, na nyuma ya mji Ghuba ya Winam inametameta hadi jicho linapokomea.

Nikiishia hapo, makala hii itakuwa ya kuwavutia watalii tu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya njia hiyo ya kwanza mkimbiaji halioni ziwa. Hulisikia, hulinusa, lakini halioni. Kati yake na maji kuna kuta, nyua, malango yenye walinzi na mabango ya kumkataza asipite. Pale penye uwazi, mara nyingi hakuna njia ya waendao kwa miguu; kuna ukingo wa lami, mtaro, na bodaboda inayokuja kasi.

Hali hii haikuzuka jana. Reli kutoka Mombasa ilipofika ziwani Desemba 1901, mji ulipewa jina la Port Florence, na ufuo ukawa mahali pa magari ya moshi, meli na maghala. Milimani palikuwa makazi ya Wazungu. Mwafrika alikwenda ziwani kubeba mizigo, wala si kupunga upepo. Uhuru ulipopatikana, wengi tulitaraji kwamba mji ungegeuka na kulitazama ziwa. Badala yake vipande vya ufuo viliendelea kufungwa kimoja baada ya kingine, mpaka ikawa kwamba mwananchi anayetaka kuyaona maji kwa utulivu hana budi kununua soda ya bei ghali katika ua wa mtu.

Hapa nawaomba wasomaji wanivumilie niingie katika taaluma yangu. Kwa Kidholuo, ufuo wa ziwa huitwa dho nam, yaani mdomo wa ziwa. Neno dho ndilo hilo hilo tunalolipata katika Dholuo, lugha ya Waluo, kwa sababu mdomo ndio unaotoa lugha. Waliounda msemo huo walielewa kwamba ufuo ndipo mahali ambapo ziwa na watu huzungumza. Kuujengea ukuta ni kuufumba mdomo huo.

Kiswahili nacho kina funzo lake. Kutokana na kitenzi kimbia tumepata nomino mbili. Ya kwanza ni mkimbizi, iliyoundwa kama mlinzi na mpenzi. Ya pili ni mkimbiaji, iliyoundwa kama msomaji na mwimbaji. Wote wawili wanakimbia, lakini mkimbizi anasukumwa na hofu ilhali mkimbiaji amechagua mwenyewe. Mwanafunzi mmoja wa kike alinieleza kwamba yeye hukimbia akizunguka bweni lao tu, mzunguko ule ule mara ishirini, kwa sababu nje ya lango anahofia magari alfajiri na wahuni magharibi. Kisarufi, binti huyo ni mkimbiaji. Kwa hali halisi, amefanywa kuwa mkimbizi katika mji wake mwenyewe.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya anasa. Watauliza: mji wenye shida ya maji safi na ajira utaachaje hayo ushughulikie njia za kukimbilia? Hoja hiyo ina uzito, lakini haijakamilika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, linapendekeza kwamba watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na watu wazima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma. Tajiri atalipia ukumbi wa mazoezi. Maskini ana barabara tu. Kwa hiyo njia salama ya miguu ni anasa kwa yule asiyeihitaji. Kwa wengine ni sehemu ya afya ya umma.

Hoja nyingine ni nzito zaidi, nayo inawahusu wanaoishi kwa jasho lao pale ufuoni. Mwaka wa 2019, wakati bandari ya Kisumu ilipokuwa ikifufuliwa, vibanda vya samaki vya Lwang'ni vilibomolewa. Jina hilo maana yake ni nzi, na nadhani walaji walilitumia kwa mapenzi, kwani palikuwa mahali pa waziri na mchukuzi kula sahani ya aina moja. Basi tusije tukawafukuza wavuvi na akina mama wa samaki kwa kisingizio cha kuwatengenezea wakimbiaji njia nzuri. Ufuo usiokuwa na watu wake ni picha ya ukutani. Njia ninayoitetea ni ile inayopita kando ya soko la samaki, ikampa mchuuzi wateja na ikampa mpita njia usalama wa macho ya watu. Palipo na watu wanaofanya kazi, mhuni hufikiri mara mbili.

Tukumbuke pia kwamba ziwa lenyewe limekwisha kutoa uamuzi wake. Mwezi wa Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda yakafikia kiwango kilichoishinda hata rekodi ya mwaka wa 1964, na waliojenga karibu mno na maji walijionea hasara. Kuta hazikuyazuia. Kinachofaa kukaa ukingoni mwa ziwa ni kile kinachoweza kuloa na kukauka: mafunjo, ambayo huchuja uchafu unaotiririka kutoka mjini, na vijia vyepesi vya mbao vilivyoinuliwa juu ya tope, mfano wa kile kinachoonekana Dunga. Kwa maneno mengine, kinachomfaa mkimbiaji kinalifaa pia ziwa.

Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 62, inayataja maziwa miongoni mwa ardhi ya umma. Kifungu cha 42 nacho kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Lakini ziwa la umma lisilo na ufuo wa umma ni kama nyumba uliyopewa ukanyimwa mlango. Kwa hiyo naona mambo matatu yafanywe. Kwanza, Serikali ya Kaunti na Tume ya Taifa ya Ardhi zitoe hadharani ramani inayoonyesha ni wapi ufuo wa umma unaanzia na kuishia, na nani ameukalia. Pili, ijengwe njia moja ya miguu isiyokatika, yenye taa, kutoka eneo la bandari hadi Dunga, na wavuvi na wachuuzi wawe mezani tangu siku ya kwanza. Tatu, njia hiyo ifuate maumbile. Viboko hutoka majini usiku kula nyasi, basi pawe na sehemu zinazofungwa giza linapoingia, ili tusimwingilie mwenye nyumba saa ya chakula chake.

Walimu wenzangu nao wasijitoe lawamani. Kipindi cha mazoezi ya mwili kimo katika ratiba, lakini ni mara ngapi tumekiiba ili tukamilishe hisabati au sarufi? Nimekiri kosa langu. Mwalimu wa Kisumu anaweza kuwapeleka wanafunzi ufuoni, wakakimbia, kisha wakaketi na kuandika insha juu ya walichokiona. Watakaporudi wakiwa wameandika kuhusu kuta tu, tuzisome insha hizo kwa makini, na tuwapelekee nakala wale tuliowapigia kura.

Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Sisi tuna macho, ila tumewekewa kuta mbele yake. Zikiondoka, yule binti wa bwenini ataacha kuhesabu mizunguko yake ishirini, naye atakimbia hadi Dunga na kurudi, akiliona ziwa lake njia nzima.